Mwanamke Niliyemfunga Kinywa

Kanuni ya saba niliitafsiri mimi. Niliitafsiri Jumapili mchana, mezani kwangu mtaa wa Dilala, hapa Kolwezi, sahani za chakula zikiwa bado hazijaondolewa, na nilipoimaliza nilimsomea mume wangu kwa sauti kwa sababu niliona imekaa vizuri: "Usipande woga katika mioyo ya wenzako." Kwa Kiingereza ilikuwa kavu kama tangazo la polisi. Mimi nikaitia moyo. Mume wangu alisema ni nzuri, inafanana na maneno ya katekisimu. Nilifurahi. Nikiikumbuka furaha ile leo natamani kujizaba kofi.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari. Si mtu wa mashine. Aliyeniingiza katika mambo haya alikuwa mwenzangu wa zamani, aliyefundisha hesabu kwenye darasa lililopakana na langu kabla hajaacha chaki. Alikuja shuleni wakati wa mapumziko, akaketi kwenye dawati la mwanafunzi magoti yamemfika kifuani, akanionyesha simu yake. Ulikuwa mradi wa sarafu isiyoshikwa mkononi, sarafu inayokaa ndani ya simu. Mtu anajiandikisha, anabonyeza kitufe mara moja kwa siku kuonyesha bado yupo, na siku sarafu itakapofunguliwa kwa ulimwengu, aliyewahi atakuwa na fungu lake. Wakubwa wa mradi walikuwa ng'ambo, hatukujua hasa wapi. Yeye walikuwa wamemfanya mratibu wa mkoa mzima wa Lualaba.

"Chère collègue, banatafuta mutu wa kutafsiri," aliniambia. "Ile Kiswahili yabo haisikilikane. Bantu banaichekaka."

Alisema kweli. Kiswahili cha programu ile kilikuwa kimetolewa na mashine. Mahali pamoja kiliwataka watu waweke mali yao katika "mkoba wa baridi", na mama mmoja sokoni aliuliza kwa nia njema kabisa kama simu inatakiwa kuingizwa kwenye friji. Mahali pengine kilisema: "Thibitisha ubinadamu wako." Hebu fikiria mwanamke anayetoka mtoni, miguu imevimba, anafungua simu na kuambiwa athibitishe ubinadamu wake. Nilibadilisha nikaandika: "Onyesha kama ni wewe mwenyewe." Nilibadilisha mamia ya sentensi za namna hiyo, nikikaa jioni baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi, na hakuna aliyenilipa, wala sikuomba kulipwa. Ilikuwa kazi ya kujitolea, na nililitamka neno hilo kwa majivuno.

Nataka nieleze kwa nini niliamini, maana watu hudhani waliodanganywa walikuwa wajinga au walafi. Nimekulia hapa. Tangu utotoni naona malori yakitoka mgodi wa Mashamba yamejaa mawe yetu na kurudi matupu. Nimeona majina ya kampuni yakibadilika kwenye malango na mashimo yakibaki yale yale. Katika maisha yangu yote hakuna kitu kikubwa cha dunia kilichokuja Kolwezi kikauliza watu wa hapa wanaitwa nani. Halafu kinakuja hiki, kinauliza jina, kinauliza sura, kinasema wewe nawe umehesabiwa. Na kinasema hivyo kwa maneno niliyoyaandika mimi. Unadhani ningekataa?

Walinipa nyota ndogo ya buluu kando ya jina langu katika kikundi cha simu, alama ya msimamizi anayeweza kufuta ujumbe. Walinitumia na cheti, chenye muhuri wa kuchorwa, nikakichapisha mjini, mume wangu akakitundika sebuleni chini ya picha ya harusi. Mgeni akija nilingoja akisome.

Kila Jumamosi asubuhi nilipanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, kwenda mtaa wa Musonoi, kando ya migodi. Paroko wa huko alitukubalia ukumbi wa parokia, na mimi ndiye niliyekwenda kumwomba. Tulipanga viti virefu, watu wakapanga mstari hadi nje. Kazi ilikuwa kumpiga kila mmoja picha ya sura, na picha ya kadi yake ya kura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu, mbele na nyuma, na kuzituma kwa wakubwa ili athibitishwe. Kadi zile, anayezijua anazijua: baada ya muda maandishi yanafifia hadi unabaki na kipande cheupe. Nilikuwa nikiziinamisha dirishani, nikimulika kwa ubavu na tochi ya simu nyingine, ili jina lijitokeze. Saa sita mchana baruti zililipuka mashimoni, vioo vikatetemeka, vumbi likashuka kutoka darini, na hakuna aliyegeuza kichwa. Nilipendwa pale. Waliniita Madame kama wanafunzi wangu wanavyoniita. Waliniletea karanga.

Katika mstari ule ndipo nilipomjua yule mama. Ni mjane, mwenye umri kama wangu, anayeosha mawe ya wachimbaji mtoni. Anasimama ndani ya maji tangu asubuhi, anachekecha, mawe ya kijani huku, udongo kule. Simu ilikuwa ya dada yake mdogo. Mashine ilikataa sura yake. Ilikataa mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Ilisema mwanga hautoshi, ilisema asogee, ilisema afungue macho, na macho yalikuwa wazi. Watu nyuma walianza kunung'unika. Akasema polepole, "Madame, wacha tu. Labda mi sina sura ya hii kitu."

Nilikasirika kwa niaba yake. Nilimtoa mstarini, nikamsimamisha kwenye ukuta uliopakwa chokaa, nikalowanisha kitambaa changu kwa maji ya chupa na kumpangusa paji la uso, mashavu na kidevu, kama unavyompangusa mtoto wako kabla ya misa. Vumbi lilitoka jekundu. Alifumba macho akaniacha nifanye. Nikapiga tena na ikakubali. Alicheka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, vidole vimesuguliwa na mawe hadi vimekuwa laini, havina mistari. Nilirudi nyumbani siku ile nikijiona mtu mwema.

Miezi ikapita. Sarafu haikufunguliwa. Ilisogezwa mbele, ikasogezwa tena, na kila ilipoahirishwa mratibu alinitumia maelezo niyageuze Kiswahili. Nikayageuza. Nilikuwa nimekwisha kujua kuandika "hivi karibuni" kwa namna nyingi kuliko mshairi.

Kisha siku moja, mchana, nikiwa chumba cha walimu, simu ilinionyesha ujumbe wa sauti kikundini. Ilikuwa sauti ya yule mama. Hajui kuandika vizuri, kwa hiyo alisema.

"Madame, jambo. Mi nilienda mu mji kununua laini ya telefone. Banasema karte yangu ya kura iko na namba tatu ya telefone ya bantu mi sibajue. Mi ile karte sikuipatia mutu mwingine. Nilikupatia weye, mu salle ya parokia, na sura yangu. Minauliza tu: ile foto zetu, biko wapi? Nani anaziangaliaka?"

Ilikuwa sauti ya adabu, hata woga ulikuwemo. Nyuma yake maji yalisikika. Nilikuwa bado sijaisikiliza hadi mwisho mratibu akanipigia.

"Ile sauti ya ule mama, uifute sasa hivi."

"Lakini anauliza tu."

"Anauliza mbele ya bantu yote. Bakubwa banaangalia kikundi yetu hii mwezi, unajua vizuri. Banachagua bantu ba conseil ya Afrika muzima, na jina yako nilishaipeleka. Kanuni ya saba inasema nini?"

Nilijua inachosema kanuni ya saba kuliko mtu yeyote chini ya jua.

Niliifuta. Akaituma tena, pengine alidhani mtandao umeila. Niliifuta tena. Alipoituma mara ya tatu, safari hii akianza na "Madame, sijui kama unanisikia", nilibonyeza mahali panapomzuia mtu kusema, nikachagua siku thelathini, na kwenye kisanduku cha sababu nikaandika: amepanda woga katika mioyo ya wenzake. Kisha kengele ikalia nikaenda darasani kufundisha upatanifu wa vitenzi.

Sitafuti pa kujificha. Mratibu aliniambia nifute, lakini hakuniambia nimfunge kinywa. Hilo nililiongeza mwenyewe, kwa bidii yangu, kwa ajili ya nafasi katika baraza la watu nisiowajua.

Siku ya nne yule mama alikuja shuleni. Alitembea kutoka Musonoi hadi Dilala, ndala mkononi, miguu imejaa vumbi, kwa sababu siku ambayo haoshi mawe hana nauli. Mlinzi alinijia akasema kuna mama langoni. Nilimkuta amesimama kivulini mwa ukuta, amevaa kitenge safi. Alikuwa amevaa vizuri kuja kwangu.

"Madame, nilifanya mubaya gani?"

"Hukufanya kitu kibaya," nilisema. "Ni kanuni tu za kikundi. Kuna mahali pa kuuliza maswali kama yale. Kuna fomu."

"Niliiona ile fomu. Mutoto wa dada yangu alinifungulia. Iko mu Kizungu."

Fomu ile ilikuwa kwa Kiingereza kweli. Ilikuwa kitu pekee katika mradi mzima ambacho hakuna aliyewahi kuniomba nikitafsiri, na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini.

"Mi siseme kama weye njo uliuzisha karte yangu," akaendelea. "Sijue nani. Labda ni hata bengine. Lakini nilikuuliza weye sababu njo weye nilikuona na macho. Bale bengine mi sibaone. Na weye ukanifunga kinywa mbele ya bantu ba kwetu. Sasa pa mto banasema mi niko muongo."

Hakupaza sauti. Wanafunzi walikuwa wakipita wakitusalimu. Nilimwambia nitafuatilia, ndilo neno nililotumia, nitafuatilia, kama karani. Akasema, "Aya," akavaa ndala zake akaondoka. Sikumpa hata maji. Kisima cha shule kilikuwa hatua kumi kutoka pale tuliposimama.

Hasira yangu ilianza saa ile, na kwanza ilinigeukia mimi, halafu ikatafuta njia ya kutoka. Niliketi nikaandika barua kwa wakubwa, kwa Kifaransa, nikamwomba mwalimu wa Kiingereza aniwekee kwa Kiingereza safi. Niliuliza picha za watu zinatunzwa wapi, nani anaruhusiwa kuziona, na mtu akitaka zifutwe afanye nini. Sikumtaja mama wala sikumshtaki mtu. Baada ya wiki moja nilipata mchoro wa kidole gumba kilichoinuliwa, na chini yake sentensi mbili za kunishukuru kwa moyo wangu wa kujitolea. Niliandika tena, nikatumiwa kiungo kinachofungua ukurasa wa kanuni. Kiswahili chake kilikuwa changu.

Ulikuwapo mkutano mkubwa wa wajitoleaji wa Afrika nzima, Jumamosi alasiri, kwa njia ya simu. Mratibu alitukusanya kwake tuusikilize pamoja, watu kama kumi na wawili, kwenye baraza la nyumba ya zamani ya kampuni ya migodi, kipaza sauti kimeunganishwa na simu yake ili wote tusikie. Mkubwa wa mradi alizungumza kwa muda mrefu. Alituita familia. Alisema mradi unapenda kukosolewa, alimradi kukosoa kuwe kwa kujenga. Nilimsikia nikasema moyoni, vema, leo nitakujengea.

Yalipofunguliwa maswali niliinua mkono. Mratibu akasema ataniulizia yeye, kwa Kiingereza, maana mimi ningesema Kifaransa. Niliuliza swali langu taratibu, kila neno mahali pake, kama ninavyosoma imla darasani. Picha ziko wapi, nani anaziona, mtu anajitoaje.

Naye akageukia simu akasema Kiingereza. Kiingereza nakisoma kwa kamusi, cha kusema ni cha kuokoteza, lakini masikio ninayo, na nimeishi na maneno ya mradi ule miaka miwili. Nilisikia akinisifu. Nilisikia akisema watu wa Kolwezi wana hamu kubwa, na kwamba dada yetu mtafsiri anauliza hatua ijayo itafunguliwa lini.

Mkubwa akacheka kwa upole na kuanza kujibu kuhusu hatua ijayo.

Sijui kama nimewahi kukasirika namna ile maishani. Kufutwa kunauma, lakini mtu akifutwa angalau pale aliposema panabaki pengo. Huyu alikuwa amechukua mdomo wangu na kusemea mambo yake, mbele yangu, huku akitabasamu. Nikasimama.

"Si hivyo nilivyouliza," nilisema kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza nilichonacho, nikitamka neno la picha na neno la wapi, picha wapi, picha wapi, kama mtoto anayejifunza kusema. Mratibu alifunika simu kwa kiganja.

"Kaa chini, Mama. Unatuaibisha."

"Wewe umenigeuza. Sema nilichosema."

"Mukutano iko na wakati yake."

"Sema nilichosema."

Akakata sauti yetu. Tukabaki tunamsikia mkubwa, naye hatusikii. Wale wenzangu kumi na wawili, watu niliokula nao, walitazama sakafu. Mmoja wao, mama wa kwaya tuliyezoea kurudi naye kwa pikipiki moja, alinivuta nguo nikae. Nilichukua mkoba wangu nikatoka.

Jioni hiyo nyota yangu iliondolewa. Tangazo lilisema nimeamua kupumzika na kwamba familia inanishukuru. Nikaandika kikundini kwamba sikuamua kupumzika. Ujumbe ukapotea. Nikauandika tena, ukapotea tena. Nikatuma kwa sauti, na kabla sijaweka simu chini nikaambiwa nimezuiwa kusema siku thelathini, kwa kuwa nimepanda woga katika mioyo ya wenzangu.

Kusoma bado niliruhusiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe. Nilisoma watu niliowapangia viti wakiandika kwamba Madame alitaka cheo akakikosa. Mwingine akasema nimelipwa na mradi mwingine. Kijana niliyeisoma kadi yake iliyofutika herufi kwa herufi, robo saa nzima, aliandika kwamba walimu ndivyo walivyo, hawapendi mtu maskini ainuke. Mume wangu alisema nizime simu. Niliendelea kusoma. Kila neno baya nilipolisoma nilimwona yule mama mtoni, akiwasikia wenzake wakimwita mwongo, na mimi niko darasani nafundisha vitenzi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Musonoi kama kawaida. Mratibu alikuwa amekaa mahali pangu, na yule mama wa kwaya akipiga picha. Mstari ulifika nje. Nilisimama mlangoni nikaanza kuwaambia watu mmoja mmoja: mimi ndiye niliyekuwa nawapiga picha hizi, nimeuliza zinakwenda wapi, sikujibiwa, wala sijui. Nilisema hilo tu. Kwamba sijui.

Mratibu alinijia, akanichukua pembeni, jasho limemtoka.

"Chère collègue, unafanya nini?"

"Ninauliza. Na wewe unajua zinaenda wapi?"

Akasema kwa sauti ya chini, sauti niliyoijua tangu tulipokuwa tukigawana chaki, "Mi pia sijue. Balishanikataza kuuliza. Lakini niko na batoto bane, na bananiambia mwaka hii banafungua bureau Kolwezi. Njo mi nitakuwa chef ya ile bureau. Weye uko na kazi ya shule. Mi niko na nini?"

Ingekuwa rahisi kumhurumia, na baadaye nilimhurumia kidogo. Pale nilimwambia kwamba ana kinywa, na kwamba juma lililopita alikuwa na viwili, chake na changu, na hakutumia hata kimoja kusema kweli.

Katika mstari ule watu wachache waliondoka. Bibi mmoja alirudisha kadi yake kifuani akaenda zake bila neno. Wengi walibaki. Mwanamume mmoja aliniambia nisimzuie njia. Sikutegemea mengine, kwa maana miaka miwili nilikuwa nimewafundisha kwamba anayeuliza ni adui, na nilikuwa nimewafundisha vizuri, kwa Kiswahili kinachosikika.

Nilikwenda moja kwa moja kwa paroko. Nilimwambia yote, pamoja na lile la kumfunga mama kinywa. Alisikiliza, akauliza kama nina karatasi yoyote ya wale watu, anwani, sahihi, mtu wa kuitwa. Nikasema hakuna. Akasema ukumbi ulitolewa kwa ajili yangu, na kama mimi nimeondoa neno langu, naye anaufunga. Juma lililofuata waliweka meza yao kwenye baa iliyo karibu na njia panda, na mstari ukaendelea, mfupi kidogo.

Mtoni nilichelewa kwenda. Nilijiambia nina mitihani ya kusahihisha, na ni kweli nilikuwa nayo, lakini hiyo haikuwa sababu. Nilipofika alikuwa ndani ya maji hadi magotini na wenzake watano. Nilisema nilichokuja kusema wote wakisikia, kwa sababu nilimwaibisha mbele ya wote. Nilisema hakuwa mwongo. Aliuliza jambo la haki, na mimi nililifuta mara mbili, kisha nikamzuia kusema, na nilifanya hivyo kwa kutaka cheo. Maji yaliendelea kupita. Yeye akamwaga chekeche lake.

"Nimesikia," alisema.

Nilingoja mengine. Nadhani nilitaka anishike mikono kama siku ile ya picha. Hakunishika.

"Ile namba tatu ingali mu karte yangu," alisema. "Bale ba bureau ya telefone banazungumzaka Français tu. Weye unafundishaka Français. Utaenda na mi."

Nilikwenda naye. Niliomba ruhusa shuleni siku ya kazi, tukakaa kwenye ofisi ya kampuni ya simu tangu asubuhi. Karani alikuwa kijana mwenye tai, alizungumza na mimi tu, kana kwamba mama hayupo, mpaka nilipomwambia kadi ni yake na swali ni lake, amtazame anayemjibu. Aliuliza mimi ni nani kwake, ndugu au jirani.

Mama akajibu kabla yangu. "Ni yeye alinipiga foto."

Karani hakuelewa, akaandika "jirani". Namba mbili ziliondolewa siku hiyo hiyo. Ya tatu ilikuwa imetumika kwa jambo fulani ambalo karani hakutaka kulieleza, na akasema inahitaji karatasi ya polisi. Polisi walitaka karatasi ya karani. Tumeenda mara tatu sasa, na tutaenda tena. Njiani hatuzungumzi sana. Ananiambia bei ya mawe imeshuka, namwambia habari za shule. Hajanisamehe, angalau hajasema, na sijamwuliza.

Sijui kama namba zile zilitokana na picha nilizopiga. Inawezekana hazihusiani kabisa, kadi zetu zinapita katika mikono mingi. Watu wa mradi wangeweza kunijibu hivyo siku ya kwanza kwa mstari mmoja, na labda ningewaamini. Walichagua kunifuta.

Mratibu alipata nafasi ile ya baraza. Ofisi ya Kolwezi haijafunguliwa. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe, wa kwanza tangu siku ile, wa heshima sana: programu ina kurasa mpya, mashine imezitafsiri vibaya tena, watu wanacheka, kama ningekubali kupitia sentensi chache tu, kwa upendo wa lugha yetu. Nilimjibu kwamba nitafanya hivyo kwa moyo wote, nikianza na ile fomu ya malalamiko.

Hajaandika tena.